Pampu ya Njoroge Haikuwa na Kosa

Vijana wangu, gari la dizeli likianza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu mlimani, usikimbilie pampu ya mafuta. Fungua boneti, legeza mpira unaotoka kwenye eya klina, lile chujio la hewa, kwenda kwenye injini, uuchomoe, halafu mwambie mwenzako akanyage mafuta kidogo. Moshi ukikatika, shida ni hewa. Moshi ukiendelea, hapo sasa unaweza kumtafuta fundi wa pampu ukamsumbue. Kazi yenyewe inaisha kabla chai yako haijapoa. Nimewafundisha watu wengi jambo hilo, na siku niliyotakiwa kulifanya mimi mwenyewe mbele za watu, nilikataa. Nitawaambia kwa nini, ingawa nikikumbuka bado natamani ardhi inimeze.

Mimi ni Mutua. Nimekuwa mekanika tangu nilipokuwa na nywele kichwani, kwanza mjini kule Barabara ya Kirinyaga, ambako sisi wazee bado tunakuita Grogan, kisha kwenye uwanja wetu wa Kilimani, mpaka magorofa yakatusukuma hadi Kawangware. Wale wanaoishi Kilimani na viatu vyao vyeupe hawajui kwamba sebule zao zimesimama juu ya oili yangu. Sasa nimestaafu, maana yake ni kwamba nafanya kazi ile ile lakini naamka nikitaka.

Aliyenifunza kazi alikuwa Mzee Daudi, mtu wa maneno machache na makofi mepesi. Wiki yangu ya kwanza, ili nimfurahishe, nilichukua eya klina ya karatasi nikaiosha kwa petroli. Ilitoka safi kabisa, nikaianika juani nikijisifu. Kesho yake mikunjo yote ilikuwa imeachana. Mzee Daudi hakunipiga. Aliniwashia balbu, akanipa eya klina ya gari jingine, akaniambia niingize balbu katikati nitazame kwa nje. "Ukiona mwanga mwanga tu, sawa. Ukiona nyota, tupa."

Mpaka leo sijui kipimo bora cha kutafuta matundu kuliko hicho. Na mkipuliza kwa kompresa, pulizeni kutoka ndani kwenda nje, tena kwa upepo mdogo. Nawaona hawa wa kuosha magari wakielekeza upepo wote kwa nje, vumbi linazama ndani ya karatasi, halafu wanamwambia mwenye gari, "Iko fiti, mkubwa!" Mzee Daudi akimaliza kufunga eya klina alirudi baada ya siku chache, akafungua mpira wa upande wa injini na kupitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, ulirudia kazi bila malipo. Alisema injini itavumilia njaa na itavumilia jua, lakini haitavumilia mchanga.

Sasa mtaniuliza, mtu aliyefunzwa hivyo alikosaje? Alikosa kwa wivu. Wivu wa mzee ni mbaya kwa sababu mzee ana nafasi ya kuutunza.

Nilikuwa nikienda Karen kutengeneza magari ya watu wawili watatu waliokataa kunisahau. Huko nikawa naona pikapu kubwa kubwa zenye bomba la hewa limepanda kando ya kioo mpaka juu ya paa. Kazi ya bomba hilo ni kuvuta hewa iliyo juu, mbali na vumbi na maji. Pikapu yangu mimi imemzidi umri mwanangu Kyalo, na pua yake iko chini kwenye bodi, karibu na tairi, inavuta kila kitu ambacho Kawangware inarusha. Nikasema, kwani hii yangu ni ya kambo?

Nikang'oa eya klina yake ya asili, ile nzito ya bati nene. Nikashuka Grogan nikanunua filta ya wazi, yenye umbo la koni, nyekundu kama mdomo wa bi harusi. Jirani yangu wa welding akanikunjia bomba na kunitengenezea kisanduku cha kuifunika hiyo koni. Tukalipandisha bomba kando ya kioo, tukalipaka rangi nyeusi. Mungu anisamehe, nilisimama ng'ambo ya barabara dakika nzima nikiitazama.

Basi ile koni ikawa inachafuka upesi kuliko nilivyotaka. Barabara zinachimbwa kila upande na vumbi halina adabu. Nikakumbuka mbinu ya madereva wa mashambani: unavisha mdomo wa bomba stokingi ya mwanamke, inashika vumbi kubwa kabla halijafika kwenye filta. Hiyo mbinu si uongo, inafanya kazi. Lakini ina masharti yake. Iwe tabaka moja, ifungwe kwa klipu ya chuma, na uivue kila jioni uikung'ute. Mimi nilikunja mara mbili ili nizidi wengine kwa usafi, nikafunga kwa kipande cha mpira wa tyubu, halafu nikasahau kuivua kwa sababu juu ilikuwa na kifuniko kizuri na hakuna aliyeiona. Stokingi yenyewe ilikuwa ya mke wangu, ya rangi ya kahawa, ya kuendea kanisani. Sikumwomba.

Aliyeliona jambo hilo mapema ni Njoroge. Njoroge ni fundi wa pampu. Kibanda chake na changu viliegemeana Kilimani, na tulipohamishwa tukahama pamoja, vikaegemeana tena. Mwezi huo huo alikuwa amenitengenezea pampu ya ile pikapu, akakataa nimlipe kazi, akataka pesa za vipuri tu. Alipoona bomba alizunguka pikapu pole pole, akafungua kile kifuniko cha juu, akachungulia.

"Mutua, hii gari umeiziba mapua."

"Wewe ni wa pampu. Baki na pampu."

"Sawa. Lakini ikianza kukohoa usiniite."

Tukacheka, maana tumezoeana kwa utani. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Moyoni nilikasirika.

Hapo ndipo Kyalo alipotuambia amepata mchumba. Msichana anaitwa Wambui, wao ni watu wa upande ule Dagoretti inapogusana na Karen, familia iliyokuwa pale kabla Karen haijaitwa Karen. Baba yake, Mzee Kamau, ana ng'ombe wa maziwa na pikapu kadhaa za kusambaza maziwa madukani. Mtu wa kanisa, mpole, lakini macho yake hayapitwi na kitu.

Sisi ni Wakamba. Kuna ziara ya kwanza ambayo Wakikuyu hupelekewa mbuzi wawili, kuweka alama kwamba binti amepata mwenyewe. Mimi nisingejua hata pa kusimama. Nikamwomba Njoroge awe msemaji wetu, kwa kuwa ni lugha yake na mila yake. Alifurahi kuliko mimi. Alitufundisha nani atangulie, nani anyamaze, na kwamba tukifika tutakuta geti limefungwa na akina mama wanaimba kwa ndani wakituuliza sisi ni akina nani, tusikasirike.

Kyalo alitaka tukodi gari la mbuzi.

"Buda, tukodi tu canter. Hiyo ndai yako inakohoa."

"Mbuzi wa mwanangu watabebwa na gari la baba yake."

"Baba, please."

"Nimesema."

Asubuhi ya siku ya ziara tulitoka kwa msafara. Mimi naendesha pikapu, Njoroge kando yangu amevaa koti lake zuri na kofia, mbuzi nyuma, Kyalo na wengine kwenye magari mengine. Sehemu ya barabara ilikuwa inachimbwa, vumbi likatufunika. Mbele kidogo yakaanza manyunyu. Mkichanganya vumbi na manyunyu kwenye stokingi iliyokunjwa mara mbili, mnapata plasta. Njia nzima nilikuwa nikimweleza Njoroge ubora wa bomba langu, na jinsi ambavyo nitaanza kuwafungia watu. Yeye alitazama dirishani akisema, "Ehe. Ehe."

Kufika kwa kina Kamau unapanda mlima mfupi wa udongo wa murram, na geti liko juu. Pikapu ilianza kulegea mlimani. Nikaongeza mafuta, ikatoa moshi. Nikaongeza tena, ikatoa moshi mweusi tititi, upepo ukauchukua moja kwa moja mpaka getini. Nilisikia nyimbo za akina mama zikikatika, kikafuata kikohozi. Pikapu ikazima pale pale, nusu mlima. Mbuzi wakaanza kulia.

Nilijua. Nataka mlielewe hilo. Hata kabla haijazima nilijua ni stokingi, imelowa, imeziba, na pengine mpira wa tyubu umeachia ikavutwa ndani ya bomba. Kyalo alikuja mbio akasimama dirishani kwangu.

"Baba, si ufungue tu bonnet tucheki hewa?"

Yeye mwenyewe nilimfunza kile kipimo cha kuchomoa mpira akiwa mdogo. Nikaona jinsi itakavyokuwa: nachomoa mpira, moshi unakatika, watu wanauliza ni nini, halafu mbele ya wakwe natoa stokingi ya mke wangu kwenye injini kama mtu anayevuta utumbo wa kuku. Na Njoroge aliyeniambia amesimama pale.

"Sitaki kuchafua nguo," nikasema.

Mlango mdogo wa geti ukafunguka, akatoka Mzee Kamau mwenyewe, kinyume na mila yao. Alitusalimia mmoja mmoja. Akatazama ule moshi uliokuwa bado unaelea.

"Hii gari iko na shida gani?"

"Pampu, mzee," nikasema. "Ni pampu tu. Imefunguliwa juzi juzi."

"Na nani? Ndio mimi nimuepuke!" Alisema kwa kucheka, kututuliza.

Sikutaja jina. Macho yangu ndiyo yaliyotaja, yalikwenda kwa Njoroge kabla sijayazuia, na Mzee Kamau akayafuata. Njoroge alinitazama. Kwa sekunde hizo alikuwa na uwezo wa kuniangamiza kwa neno moja. Alivua kofia.

"Ni mimi, mzee. Hiyo pump ni mimi nilifanya. Pole sana kwa hao wamama."

"Haya, si mbaya. Hata sisi hukosea," Mzee Kamau akasema.

Tukasukuma pikapu hadi kando. Vijana wakawashusha mbuzi, wakawavuta kwa kamba mpaka getini. Nyimbo zikaanza upya, tukajibu, tukafunguliwa. Njoroge alizungumza kwa ajili yetu vizuri ajabu. Lakini kila aliposimama kulikuwa na mtu wa kusema, "Mzee wa pump, hapo hatutazimika?" na watu wanacheka. Njoroge alicheka nao. Mimi pia nilicheka. Nilikula nyama ya wenyeji wetu na kucheka.

Jioni, baada ya kuvutwa mpaka nyumbani, nilitoa kisanduku cha filta. Stokingi ilikuwa imeganda mlangoni mwa koni, nyeusi, nzito. Nikaitoa, nikawasha, injini ikaimba. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Hiyo si yangu ya kanisa?"

Nikamwambia yote, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeshika ushahidi.

"Na Njoroge?"

"Nitamwambia."

"Umwambie nini? Njoroge anajua. Ni wale wengine hawajui."

Ningeenda kesho yake, haya yangekuwa kisa cha kuchekesha tu. Sikuenda. Nilimkuta Njoroge kibandani tukazungumza habari za mvua. Wiki ikapita, ikawa mwezi. Kuna aibu ambayo ukiiacha kidogo inakuwa jirani, unaisalimia asubuhi na kuendelea na shughuli zako. Eya klina ya zamani niliirudisha mahali pake, bomba nikaling'oa, mashimo nikayaziba. Kurekebisha gari sikuchelewa hata siku moja.

Ilipokaribia siku ya ruracio, ile ya mazungumzo ya mahari yenyewe, nilimwendea Njoroge kumwambia ajiandae. Hakuinua kichwa kwenye pampu aliyokuwa akifungua.

"Tafuta msemaji mwingine."

"Kwa nini?"

"Yule mzee hataniskiza tena. Nikisimama wataona moshi. Kyalo aende na mtu ako na jina."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Haya, kama umeamua." Vijana, ninaandika hili na mkono hautaki.

Usiku huo Kyalo ndiye aliyeniambia lililobaki. Mzee Kamau alikuwa amemwambia Wambui kwamba anatafuta fundi mmoja wa kudumu wa pampu za pikapu zake za maziwa, na kwamba alimpenda Njoroge jinsi anavyozungumza, ila basi, pampu aliyoiona ilimkatisha tamaa. Kyalo alimaliza kusema akaniangalia bila kupepesa. Sikumuuliza anajua kiasi gani.

Tukaenda kwenye ruracio na msemaji mwingine, mtu wa kukodishwa kwa sherehe, mwenye suti inayong'aa na vichekesho vya kila mtu. Mambo yalienda sawa. Kabla ya chakula Mzee Kamau akauliza, kwa nia njema kabisa, "Na yule mzee wa pump yuko wapi? Ama tulimtania sana?"

Nikasimama. Nadhani miguu ndiyo iliyoamua. Niliwaambia pampu ya Njoroge haikuwa na kosa, kwamba ni mimi nilibadilisha njia ya hewa ya gari langu, nikaifunga stokingi ya mama Kyalo, ikaziba. Waliposikia stokingi, watu wote chini ya hema walianguka kwa kicheko. Mke wangu alifunika uso kwa leso. Mzee Kamau peke yake hakucheka.

"Kwa hivyo hiyo siku ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mzee."

"Hata kabla nitoke kwa gate?"

"Hata kabla."

Kisha mzee mmoja wa upande wao akasema huyu ni mtu wa kweli, ni wangapi wanaweza kusimama hivyo mbele ya wakwe? Wakanipigia makofi. Mzee Kamau akasema Jumatatu pikapu zake mbili zitakwenda kwa Njoroge. Nikaketi. Na nitawaambia kitu kibaya kuliko vyote: makofi yale yalinipendeza. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikijiona mtu mzuri.

Jumatatu nilifika kibandani kwa Njoroge kabla ya chai. Pikapu moja ya maziwa ilikuwa imeshaletwa, pampu yake iko mezani. Nikamsimulia yote, jinsi nilivyosimama, jinsi watu walivyocheka. Nilikuwa nangoja anishike mkono.

"Wakakupigia makofi?" akauliza.

"Kidogo."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Ulinichafua nikiwa hapo, Mutua. Ukanisafisha nikiwa sipo. Na makofi ukabeba wewe."

Nikasema, "Basi twende pamoja siku ya harusi. Nitasema tena, ukiwa umekaa karibu nami, wote wanisikie na wakuone."

"Hapana. Hiyo sasa utakuwa unafanyia nani?"

Akainamia pampu. Ndani ya kibanda kulikuwa na giza kidogo, na skrubu za pampu ni ndogo, na macho yake si yale ya zamani. Nikachukua tochi kwenye msumari nikammulikia. Hakunikataza, wala hakunishukuru.